Habari Mbaya Ifike Mapema: Hali ya Ndani ya Timu na Hatima ya Bidhaa

Hotuba kwa timu zinazotengeneza bidhaa za teknolojia, Kampala

Mwenyekiti wa mkutano, walimu wetu wa vyuo, viongozi wa timu, nanyi mafundi na waandishi wa programu mliotoka Ntinda, Wandegeya, Jinja, Mbarara na Gulu: asanteni kwa kuja.

Naanza na kifaa. Fikirieni kifaa cha kupima hewa, au joto la friji ya chanjo, kinachotuma data kwa mtandao wa simu wa 2G. Ndani yake mna kihisi, bodi ndogo, betri na modemu, ile sehemu inayotuma data. Mezani Kampala kinafanya kazi wiki nzima bila tatizo. Kikifungwa kwenye nguzo nje ya Soroti, kinazima na kuwaka upya kila kinapojaribu kutuma. Mwandishi wa programu anakagua msimbo wake, haoni kosa. Mtu wa umeme anachukua multimita, anasoma mkondo, anauona mdogo, anasema betri inatosha. Wote wawili wanasema kweli, na data haifiki.

Kinachotokea ni hiki. Modemu ya 2G haivuti umeme kwa mfululizo. Hutuma kwa mipigo, mpigo wa mikrosekunde 577 katika kila milisekunde 4.615, na ndani ya mpigo huo inaweza kuvuta hadi ampea 2. Mnara wa simu ukiwa mbali, modemu huongeza nguvu ya kutuma, na hapo mvuto unafika kileleni. Kampala mnara uko karibu. Nje ya Soroti uko mbali. Multimita ya kawaida husoma wastani, kwa hiyo mipigo haionekani kabisa; anayetaka kuiona atumie osiloskopu, chombo kinachochora umeme unavyopanda na kushuka. Katika kila mpigo volti inaporomoka chini ya kiwango ambacho modemu inahitaji (nyingi za aina hii zinataka kati ya volti 3.4 na 4.4), na mfumo mzima unaanza upya. Dawa yake ni rahisi: kapasita kubwa, yaani kijenzi kinachohifadhi umeme na kuutoa haraka, karibu kabisa na pini za umeme za modemu, njia za shaba fupi na pana kwenye bodi, na betri isiyo na ukinzani mkubwa wa ndani.

Kapasita hiyo haigharimu kitu. Kilichogharimu ni miezi iliyopita kabla ya mtu kuifikiria. Na mara nyingi katika kosa la namna hii, jibu lilikuwa tayari ndani ya timu, limegawanyika. Mwandishi wa programu ameona kwamba kuzima kunatokea wakati wa kutuma tu. Fundi anayepanda nguzo ameona kwamba vifaa vilivyo karibu na mji havisumbui. Nusu hizi mbili zikikutana mezani kwa nusu saa, mhandisi wa umeme anaenda moja kwa moja kwenye osiloskopu. Zisipokutana, timu inabadilisha betri, inabadilisha laini ya simu, inaandika msimbo upya, na mwisho inalaumu mtandao.

Hoja yangu ni hiyo. Uwezo wa timu kuvumbua unapimwa kwa muda ambao habari mbaya, au wazo ambalo bado halijakomaa, linachukua kutoka kwa aliyeliona mpaka kwa mwenye uwezo wa kulifanyia kazi. Vipaji tunavyo. Ofisi za pamoja na mafunzo Kampala inavyo kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Muda huo ndio hatuupimi, na ndio unaoamua.

Mwaka 1968 Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliandika kwamba shirika linapobuni mfumo, umbo la mfumo hufuata njia ambazo watu wa shirika hilo hutumia kuwasiliana. Nawaomba mlichukue jambo hili kama kipimo cha kazini. Chukueni karatasi mbili. Ya kwanza, choreni bidhaa yenu: kihisi, bodi, modemu, seva, programu ya simu, menyu ya USSD (ile ya kupiga nyota na namba kwenye simu), malipo, mtu wa kufunga kifaa. Unganisheni kwa mistari vitu vinavyopeana umeme, data au pesa. Ya pili, andikeni majina ya watu, mchore mstari kati ya wawili tu ikiwa wamezungumza kuhusu kazi katika wiki mbili zilizopita, kwa mdomo au kwa simu. Tangazo kwenye kundi la WhatsApp halihesabiwi. Wekeni karatasi hizo ubavuni. Kila kiungo cha bidhaa kisicho na mstari wa watu ndipo hitilafu yenu ijayo itakapotokea.

Kiungo hicho kipeni mwenyewe mmoja. Wakiwa wawili, kila mmoja atadhani mwenzake anakitazama. Mwenye kiungo anaandika ukurasa mmoja tu: volti ya chini na ya juu, mkondo wa kilele na si wa wastani, umbo la ujumbe, muda wa kusubiri jibu, na kitu kinachopaswa kutokea upande wa pili ukinyamaza. Mstari huo wa mwisho ndio watu husahau kuujaza, na ndio wenye thamani kuliko yote.

Mfano wa pili ni wa wale wasioshika vyuma. Skrini moja ya USSD hubeba herufi 182 kwa alfabeti ya kawaida ya simu, pamoja na nafasi na namba za menyu. Maneno yakiandikwa kwa Kiingereza na watu wa masoko, yakajaza herufi 170, kisha yakapelekwa kwa mfasiri wa Luganda, Kiacholi au Kiswahili, mara nyingi yanarefuka. Skrini inakatwa, na chaguo la mwisho, ambalo huenda ndilo la kuthibitisha malipo, linatoweka. Mfasiri hakuambiwa kikomo. Mwandishi wa programu hasomi Kiacholi. Wakala wa Kitgum anajua kwamba wateja wanakwama hatua ya tatu, lakini taarifa yake inapita kwa msimamizi wa wilaya, inaandikwa kwa Kiingereza cha ripoti, na ikifika makao makuu imekuwa sentensi moja kwamba wateja wanahitaji elimu zaidi. Nchi yetu ina lugha nyingi, na kila tafsiri na kila ngazi ya ofisi inalainisha ukali wa taarifa. Mwacheni wakala arekodi sauti ya dakika moja kwa lugha yake, na rekodi ifike kwa mwandishi wa programu ikiwa nzima, pamoja na mtu wa kumfafanulia. Hiyo pekee hufupisha safari ya habari.

Sasa niingie kwenye jambo zito, nalo ni woga.

Mtafiti wa Marekani Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa katika timu za hospitali, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1996. Mtu angetarajia timu zenye uongozi mzuri na uhusiano mzuri zionyeshe makosa machache. Zilionyesha makosa mengi zaidi. Maelezo yake ni kwamba katika timu hizo watu walithubutu kuyasema na kuyajadili, kwingine yalifichwa. Mwaka 1999 akachapisha utafiti mwingine juu ya timu za kampuni ya kutengeneza bidhaa, akaonyesha kwamba pale ambapo watu wanaamini hawataaibishwa kwa kuuliza, kukiri au kupinga, timu hujifunza zaidi, na kujifunza huko hufuatana na kazi bora. Google nayo ilipochunguza timu zake, katika mradi ulioanza mwaka 2012, iliweka usalama huu wa kusema mbele ya mambo mengine yote iliyoyapima.

Kinyume chake kiko Nokia. Timo Vuori na Quy Huy, katika utafiti wao wa mwaka 2016, waliwahoji mameneja na wahandisi wa kampuni hiyo. Wakuu waliogopa washindani na wawekezaji, wakawabana mameneja wa kati. Mameneja wa kati waliwaogopa wakuu, wakaahidi wasichoweza na kunyamazia udhaifu wa Symbian, mfumo ulioendesha simu zao. Wahandisi walijua, lakini ujuzi wao haukupanda ghorofani ukiwa mzima. iPhone ilitoka mwaka 2007. Mwaka 2013 Nokia ilitangaza kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwetu Uganda jambo hili lina sura yake. Kijana amelelewa kumwamkia mkubwa kwa unyenyekevu, kumwita ssebo au nnyabo, na kutompinga mbele za watu. Heshima hiyo ni mali yetu na siombi ipungue hata kidogo. Ninachoomba ni kwamba kiongozi asiusome ukimya wa heshima kama kukubali. Ukiuliza kikaoni, "Kuna mwenye swali?" na ukajibiwa "hapana ssebo," hujapata habari yoyote. Panga kikao kwa namna ambayo mtu anaweza kukuheshimu na bado akakuambia ukweli.

Njia inayofanya kazi ni hii, na inachukua dakika 50 kila wiki. Dakika kumi za kwanza ni za kimya. Kila mtu anaandika hadi kadi tatu. Kwenye kila kadi kuna mambo matatu: nimeona nini, nimejuaje, na nina uhakika kiasi gani kwa alama kumi. Kadi zinachanganywa na mtu mmoja anazisoma zote kwa sauti bila majina. Kisha mazungumzo yanaanza kwa mdogo kwa cheo, yanapanda, na kiongozi anasema wa mwisho. Kuandika kabla ya kusema kuna sababu ya kitafiti pia: Diehl na Stroebe walionyesha mwaka 1987 kwamba watu wakipiga bongo kwa pamoja kwa sauti hutoa mawazo machache kuliko idadi ileile ya watu wanaofikiri kila mmoja peke yake, hasa kwa sababu mmoja anapozungumza wengine wanasubiri, na wakisubiri wanasahau au wanaghairi. Alama ya uhakika nayo ina kazi. Mtu mwenye uhakika wa tatu kwa kumi asingefungua mdomo, lakini alama mbili za tatu kwa kumi kutoka kwa watu wasiojuana kazi, kama fundi wa nguzo na mwandishi wa programu wa Soroti, zinatosha kupeleka osiloskopu.

Vikao hivi hufa kwa sababu mbili, na zote ni za kiongozi. Ya kwanza ni uso wake katika dakika ya kwanza baada ya habari mbaya kusomwa. Akiuliza "nani amefanya hivi?" kadi za wiki ijayo zitakuwa tupu. Ya pili inaumiza zaidi kwa sababu inaonekana kama uwajibikaji: anayeleta tatizo anakabidhiwa tatizo lote. "Wewe umeliona, basi litengeneze." Kwa mtu ambaye tayari ana kazi ya siku sita kwa wiki, hiyo ni faini, na watu wenye akili huacha kujitoza faini. Aliyeona apewe shukrani. Kazi igawiwe upya kwa kuondoa kitu kingine kwenye orodha.

Hitilafu kubwa ikitokea kwa wateja, kaeni ndani ya siku tatu, kabla kumbukumbu hazijapangwa upya vichwani. Andikeni kwanza mfuatano wa saa: saa 4:10 asubuhi toleo limepakiwa, saa 4:25 malipo ya kwanza yamekwama, saa 6:40 mteja wa kwanza amepiga simu. Kwa kila hatua, ulizeni mhusika aliona nini wakati ule kilichomfanya aone hatua yake ni sahihi. Swali hili huleta taarifa. "Kwa nini ulifanya?" huleta utetezi. Mwisho chagueni hatua zisizozidi tatu, kila moja na jina na tarehe, mzikague baada ya wiki mbili. Orodha ya hatua kumi haitekelezwi. Na "watu wawe makini zaidi" isiandikwe kabisa, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuikagua.

Nitoe tahadhari kwa wenye bodi na wafadhili. Timu ikianza kusema ukweli, idadi ya hitilafu zilizoandikwa itapanda kabla ya kushuka. Anayeikemea timu katika kipindi hicho anaifundisha kunyamaza tena, na safari hii itanyamaza kwa ustadi zaidi. Angalieni badala yake muda: hitilafu ilionekana lini na mtu wa kwanza, na ililetwa mezani lini. Pengo hilo ndilo linalopaswa kupungua.

Usalama wa kusema peke yake hautoshi, na hapa baadhi ya timu hupotea. Michael West, mwanasaikolojia wa Uingereza, alitaja mambo manne ya hali ya ndani ya timu inayovumbua: lengo linaloeleweka, usalama wa kushiriki, bidii ya kukosoa ubora wa kazi, na kuungwa mkono kwa mawazo mapya. Timu yenye la pili bila la tatu inakuwa na amani na haitoi kitu. Katika la nne West alitenganisha uungaji mkono wa maneno na wa vitendo. Vitendo ni siku ya kazi, data za intaneti, nauli ya kwenda Lira kumwona mteja, na vipuri vya kuharibu katika majaribio. Bajeti isiyo na fungu la vipuri vya kuharibu imeshaamua kwamba hakuna jaribio litakalofanyika, hata kiongozi akihutubia vipi.

Ukubwa wa timu nao. Mtu anaweza kudhani kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Katika timu ya bidhaa, neno huharibika. Njia za mawasiliano kati ya watu ni idadi yao mara idadi hiyo pungufu moja, gawanya kwa mbili. Watu 5 wana njia 10. Watu 8 wana 28. Watu 12 wana 66, na 20 wana 190. Ndiyo sababu kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi, kama Fred Brooks alivyoonya mwaka 1975: wapya wanafundishwa na walewale waliokuwa wanafanya kazi. Kaeni kati ya watano na wanane, na zaidi ya hapo gawanyeni timu kwa kufuata viungo vya bidhaa mlivyochora. Mkigawa kwa taaluma, waandishi wa programu chumba kimoja na watu wa bodi kingine, mmerudi Soroti. Mfumo wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, unaonyesha bidhaa ya aina hii inadai nini: vihisi vya PM2.5, yaani chembe ndogo sana za uchafu hewani, vinavyoishi kwenye vumbi na joto, vingine vikifungwa kwenye boda boda, data inayosahihishwa kwa hesabu, kisha ramani inayosomwa na mamlaka za miji. Vumbi ndani ya kihisi ni tatizo la fundi, la mtaalamu wa takwimu na la msomaji wa ramani kwa wakati mmoja.

Kuhusu muda nitasema machache, ingawa wengi wenu mnaumia hapa. John Little alithibitisha mwaka 1961 kanuni ambayo kwa lugha ya ofisi ni hii: muda wa wastani wa kazi moja kukamilika ni idadi ya kazi zilizo mikononi, gawanya kwa idadi mnayokamilisha kwa wiki. Timu inayokamilisha kazi 3 kwa wiki ikiwa na 12 mikononi, kila moja itachukua wiki 4. Ikishika 6, wiki 2, na watu ni walewale. Kwa hiyo mwandishi wa programu aliyegawanywa kwenye ruzuku nne hachelewi kwa uvivu. Habari mbaya ya mradi wa kwanza inamsubiri amalize wa nne. Wekeni kikomo cha kazi mbili kwa mtu, na asubuhi mbili kwa wiki zisizo na kikao wala simu.

Ruzuku zenyewe zina kosa la kimfumo. Ripoti ya robo mwaka inauliza kilichofanikiwa, kwa hiyo timu hujifunza kutafuta kilichofanikiwa. Mnapojadili mkataba, kabla ya kusaini, ombeni kipengele kimoja cha ripoti kihusu dhana iliyothibitika kuwa si kweli, na fungu dogo la kubadilisha mpango pale inapothibitika. Wafadhili wengi hukubali wakiombwa mapema. Baada ya kusaini ni vigumu.

Kabla ya kuanza kujenga, fanyeni zoezi ambalo Gary Klein alilieleza mwaka 2007. Kusanyikeni, mjiambie kwamba mwaka umepita na bidhaa imekufa kabisa. Kila mtu anaandika kwa dakika tano imekufaje. Kwa kuwa kifo kimekwisha kukubaliwa, mdogo hampingi mkubwa anapokieleza. Nchini mwetu msiache kuandika sheria na miundombinu. Julai 2018 kodi ya pesa za simu ilianza kwa asilimia 1 kabla ya kushushwa hadi 0.5 kwa kutoa pesa tu. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi. Bidhaa inayohitaji seva kila sekunde ilikufa siku hizo. Iliyohifadhi data kwenye kifaa na kuituma baadaye ilisubiri tu. Uamuzi wa kuhifadhi kwanza hugharimu siku chache mwanzoni, na karibu kila mara kuna mtu wa chini katika timu aliyewahi kuutaja.

Mezani pale mlangoni kuna fomu zenye sentensi saba, zilizotokana na dodoso la Edmondson, kwa Kiswahili, Luganda na Kiingereza. Kila sentensi inajibiwa kwa alama 1 hadi 7. Tatu kati yake zimegeuzwa, kwa mfano inayosema ni vigumu kuwaomba wenzangu msaada. Kwa hizo, toeni alama kutoka 8 kabla ya kujumlisha. Fomu zikusanywe na mtu ambaye si kiongozi, bila majina, na timu yenye watu chini ya watano isijaze peke yake, iunganishwe na nyingine, maana mwandiko unajulikana. Msiangalie wastani kwanza. Angalieni sentensi ambayo majibu yake yametawanyika sana, 2 huku na 7 kule: hapo kuna watu wawili wanaofanya kazi katika timu mbili tofauti ndani ya chumba kimoja. Rudieni baada ya miezi mitatu, kwa fomu ileile, na pembeni yake wekeni lile pengo la siku kati ya kuona na kusema. Kiongozi anayechukua fomu leo achukue pia yake, ajaze wa mwisho.